Mama Prof na Miguu Minane

Ugomvi wangu wa kwanza na Mama Prof ulikuwa juu ya sabuni. Alikuwa ameingia uani kwetu, mtaa wa Bigo mjini Bunia, na mzigo mmoja kichwani, kama wote waliokuwa wakiteremka kutoka Djugu msimu ule vijiji vikiungua, nami nikampa chumba cha nyuma nilichokuwa nikiwekea vitambaa vya wateja. Asubuhi yake nikaona dirishani kwake nusu mche wa sabuni ya bluu. Nikauchukua niende kufulia. Yule mama alitoka mbio huku kitenge kikimwanguka, akaninyang'anya sabuni mkononi na kuigeuza juu chini. Upande wa chini kulikuwa kumepandwa vidude vyeusi, mstari kwa mstari, miguu yao ya chuma imezama ndani kama punje za mahindi kwenye gunzi.

"Yaya, hii si sabuni," akaniambia, akiniita dada mkubwa kwa desturi yetu. "Hii iko atelier yangu."

"Iko sabuni," nikamjibu. "Minaona na macho."

Ilibidi anielezee, na kueleza ndiyo kazi aliyoipenda kuliko kula. Vile vidude aliviita puce, kwa Kifaransa cha shuleni. Kila kimoja kilikuwa kiubongo kidogo chenye miguu minane, na mguu ukipinda au ukikatika hakifai tena. Vita vilipofika shuleni kwao, atelier, yaani karakana yao, iliporwa hadi bisibisi. Yeye akavichomeka kwenye sabuni ili miguu isiumie njiani. Akapita vizuizi vyote salama, kwa sababu hakuna mtu mwenye bunduki anayehangaika na sabuni iliyokwisha kutumika. Nilicheka, naye akacheka, na tangu siku ile nikafulia sabuni yangu mwenyewe.

Sitasema alizaliwa wapi wala aliolewa na nani. Hakupenda kuulizwa, na mimi si polisi. Najua tu kwamba alifundisha umeme katika shule ya ufundi kule Djugu, na kwa kuwa kwetu kila mwalimu wa sekondari ni prof, uani wote tulimwita Mama Prof, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa na waya wa shaba, na sauti yake haikulingana kabisa na kimo chake. Akiita mtu Bigo, watu wa mtaa wa Lumumba waliweza kuitika.

Kwa waya alikuwa bahili kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alifungua redio zilizokufa, akazitoa nyaya kwa kucha, akazinyoosha chini ya pasi yangu ya makaa. Nilikuta waya kwenye pasi, kwenye sanduku la nyuzi, na mara moja kwenye sahani ya sombe, kisamvu chetu. Lakini kwa sukari hakuwa na huruma. Alimimina kwenye chai mpaka kijiko kikasimama, na sukari yenyewe ilikuwa yangu. Nikimsema anajibu, "Yaya, waya iko na kazi moja tu. Sukari inafanya kazi mingi."

Tena alikuwa mwalimu wa umeme anayeogopa radi. Radi za Bunia mnazijua, zinapasuka kama zina deni na mtu. Ikipiga ya kwanza tu, Mama Prof alikuwa chini ya meza yangu ya kukatia, rozari mkononi, miguu imebaki nje.

"Prof, si weye unafundisha courant?" nikamuuliza siku moja.

"Njo vile minaogopa," akasema kutoka chini ya meza. "Mi najua ile kitu. Weye unajua hapana, ndiyo maana umesimama kwa dirisha."

Nikasogea kutoka dirishani, naomba msimwambie mtu.

Wanafunzi wake wa zamani, waliokuwa wamesambaa katika kambi ya waliokimbia vita na kwa ndugu zao, walipopata habari kwamba prof yuko hai, walianza kuja mmoja mmoja kwenye barza yangu. Akawafundisha pale pale, kati ya cherehani na wateja, akichora kwenye ukuta wangu kwa chaki yangu ya kukatia nguo. Mteja alikuja kupima blauzi akaondoka akijua umeme unapita wapi. Kuna msemo aliokuwa akiurudia mpaka cherehani ikaukariri: "Usiongeze waya, ongeza mayele," yaani akili. Alimrudishia msichana mmoja kazi nzima, taa inawaka vizuri kabisa, kwa sababu tu aliona waya mmoja ambao haukuwa na sababu ya kuwapo. "Huyu anafanya nini hapa?" alimuuliza, akiushika ule waya kwa vidole viwili. "Iko mugeni? Alipiga hodi?"

Siku ya kwanza kabisa aliita majina kama alivyokuwa akiita shuleni, kwa kichwa, kwa mpangilio wa herufi. Jina la kwanza likaitika. La pili likaitika. La tatu halikuitika, na wote waliokuwa pale walijua kwa nini. Mama Prof aligeukia ukuta, akafundisha somo zima bila kutugeuzia uso. Hakuita majina tena. Nililia siku ile nikisingizia moshi wa pasi.

Sasa niseme habari ya maji, maana ndiyo iliyomfanya ajulikane mtaani.

Kati ya Bigo na kambi ya waliokimbia kulikuwa na tangi la saruji. Lilijazwa alfajiri kwa bomba la chemchemi, kisha bomba linafungwa, na tangi ndiyo mali yetu ya siku nzima. Aliyesimamia alikuwa mzee wa kamati tuliyemwita Papa Filimbi. Akipuliza kifupi, bidoni inayofuata, dumu la maji, inasogea. Akipuliza kirefu, koki inafungwa, kila mtu arudi nyumbani. Na kile kirefu kilikuwa kinakuja mapema zaidi kila wiki. Saa nne maji yamekwisha. Wanawake wa Bigo wakasema juu ya waliokimbia, "Badeplase ndiyo banamaliza maji." Wanawake wa kambini wakasema watu wa Bigo wana ufunguo wao wa siri. Bidoni zikaanza kurushwa, kisha maneno, na maneno ya wakati ule yalikuwa mabaya kuliko bidoni, kwa sababu mtu alianza kutaja kabila la mwenzake mbele ya watoto. Kamati ikatangaza kwamba baada ya Pasaka itakaa kukata shauri, na shauri lenyewe kila mtu alilijua: wanawake wa kambini wasichote tena tangini. Waende mtoni. Na mtoni, msimu ule, wanawake walikuwa wanakwenda na wengine hawarudi.

Mama Prof alikuwa akilala kwangu, lakini kwenye kamati aliandikwa mtu wa kambi. Nilipokasirika alinituliza. "Acha, Yaya. Hii likambo, hii kesi, haina mutu mubaya. Tangi ni ya saruji, hakuna mutu anaona ndani. Kitu mutu haoni, anakijaza na roho yake." Akanywa chai yake ya sukari. "Tubaonyeshe."

Alichotaka ni hiki. Ndani ya tangi, boya linalopanda na kushuka na maji, limefungwa kwenye kitufe cha kuzungushia sauti cha redio ya zamani. Juu ya tangi, puce moja ya kusoma kile kitufe na karedio ka kutuma habari. Na kwenye ukuta wa kapela, kanisa letu dogo jirani na tangi, pale ambapo watu wa Bigo na wa kambi wote wanapita, puce ya pili, karedio ka kupokea, na kioo kidogo cha kuonyesha maji yamefika wapi. Turedio tuwili alikuwa nato, tumefungwa kwenye soksi ya mtoto. Kioo alikinunua zamani kwa wachuuzi wa Mahagi. Plaque ndogo za umeme wa jua alipewa na parokia, na maagizo ya puce akaenda kuyaandikia kwenye kompyuta ya sekretari wao, ambaye alimwogopa. Upande wa tangini ulikwisha haraka. Upande wa kapela ndio uliomtoa jasho.

Nitaeleza kama alivyonieleza mimi, mshona nguo. Puce ina miguu minane, lakini miwili ni ya kula umeme. Mmoja ni wa kuirudisha mwanzo na kuiandikia maagizo mapya. Imebaki mitano ya kazi. Kioo kinataka miwili. Karedio kanataka mitano kenyewe. Puce kubwa zaidi, zenye miguu mingi, zilikuwa zinatoka Kampala, na barabara ilikuwa imekufa kwa vita. Mguu mmoja wa karedio, ule wa kukaweka macho, aliufunga moja kwa moja kwenye umeme. "Huyu akae macho siku yote, hana haja ya kuamshwa." Hapo ikabaki minne ya karedio na miwili ya kioo. Sita, kwa nafasi tano.

Alikaa na ule mguu mmoja uliopungua Kwaresima yote. Alichora, akafuta, akachora. Alizitukana puce kwa Kifaransa na kuziomba msamaha kwa Kiswahili. Ukuta wangu ulijaa chaki mpaka bibi harusi mmoja alikataa kupimwa mbele yake.

"Si utumie ule wa kurudisha mwanzo?" nilimwambia. "Ni mguu pia."

Alinitazama kama nimemwambia auze mtoto. "Yaya, ile njo mulango ya kuingilia ndani. Ukiifunga na umekosea, umekosea milele. Mi siwezi. Mutu asifungiwe mulango ya kurudi, hata kama ni puce."



Jibu lilikuja kwenye foleni ya maji. Tulikuwa tumesimama na bidoni zetu, jua limeshakuwa kali, Papa Filimbi anapuliza vifupi, pi, pi, pi, bidoni zinasogea. Kisha akapuliza kirefu na kufunga koki. Watu wakaanza kunung'unika. Mama Prof akanishika mkono hadi akanifinya.

"Filimbi ni moja!"

"Ee. Na kinywa ni moja."

"Filimbi ni moja, na maneno ni mbili! Kifupi, kazi inaendelea. Kirefu, tumemaliza!" Akaondoka mbio, bidoni yake akaniachia mimi, tupu, na yangu tupu. Nilizibeba zote mbili nikimsema njia nzima.

Nilipofika alikuwa tayari na chuma chake cha kulehemu ndani ya makaa ya mbabula, jiko langu. Karedio kalikuwa na waya mmoja wa kupigiwa mapigo, kama mtu anavyopiga makofi wimbo usipotee, na waya wa pili wa kukaambia lini kasikilize na lini maongezi yamekwisha. Huo wa pili ndio uliomkosesha usingizi. Sasa aliukata, akaunganisha mahali pake na ule waya wa mapigo kwa vitu vidogo vitatu alivyovitoa kwenye redio yangu bila kuniuliza. Kimojawapo kinajaa umeme polepole kama kikombe. Mapigo mafupi hayakijazi, kwa hiyo karedio kanaendelea kusikiliza. Pigo refu linakijaza, na karedio kanajua kwamba maongezi yamefungwa. Waya mmoja, filimbi moja. Karedio miguu mitatu, kioo miwili.

"Na ule wa mulango?" nikauliza.

"Mulango iko wazi," akasema, akaongeza sukari.

Kwenye kioo hakutaka maandishi. Ukiandika kwa lugha hii, wale wanasema umewasahau. Ukiandika namba, kila mtu ana namba zake. Akachora bidoni, yenye mistari ndani, inayopanda na kushuka. Tukakitundika kile kioo kwenye ukuta wa kapela Jumamosi ya Pasaka. Nilijivuna mimi kuliko yeye.

Lakini wakati wa vita ukiweka waya uliosimama juu ya tangi, usitegemee watu waseme ni waya wa maji. Jumapili ile, Misa ilipokwisha tu, tukasikia kelele. "Yule mama iko na redio! Anaita wale wa msituni!" Chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, akaja mbele ya kapela, nyuma yake vijana wenye fimbo, na watu wa Bigo, na wanawake wa kambini ambao walijua kwamba shauri lao litakatwa hapo hapo. Nimeona watu wakipigwa kwa kosa dogo kuliko waya.

Chef alikuwa mtu wa utaratibu. Alifunga koki ya tangi mwenyewe, akatia ufunguo mfukoni, akasema hakuna atakayechota wala atakayegusa mtu mpaka kila mmoja aseme. Na kwetu, ukisema kila mmoja aseme, kila mmoja anasema. Wanawake wa Bigo walisema, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alianza na salamu. Wa kambini wakasema. Papa Filimbi akaeleza historia ya tangi tangu mchanga ulipoletwa. Kiongozi wa kwaya, ambaye hakuna aliyemshitaki, alijitetea kwa muda mrefu. Jua likapita utosini. Mama Prof aliposimama, alifungua kisanduku mbele ya wote, akaonyesha karedio, kadogo kuliko sanduku la kiberiti.

"Haka hakajui kusema," akawaambia. "Kanajua neno moja tu: maji iko hapa. Munaona bidoni? Asubuhi ilijaa mpaka kwa shingo."

"Uongo!" akapiga kelele mama mmoja wa Bigo, jirani yangu wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatukana watu wa kambi kuliko wote. Akasogea kwenye kioo akidhani atakitemea mate. Akainama. "Chef," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Juu ya nini ile bidoni inapunguka?"

Chef akapapasa mfuko wake. Ufunguo ulikuwamo. Tukatazamana. Mistari ilikuwa imeshuka kutoka shingoni hadi karibu na katikati, na hakuna mtu, wa Bigo wala wa kambi, aliyekuwa amechota hata kikombe. Wote tulikuwa pale tukihutubiana.

Niliona Mama Prof amegeuka kijivu. Alidhani chombo chake kimekosea, na kwake hiyo ilikuwa mbaya kuliko fimbo. Papa Filimbi akapanda ngazi ya tangi, akachungulia.

"Imeshuka," akasema kutoka huko juu. "Ekra, kile kioo, inasema kweli."

Tukaenda wote nyuma ya tangi, mpaka chini ya mteremko. Huko ndiko kiongozi wa kwaya alikolima lengalenga zake, mchicha wetu, zilizositawi kiangazi kizima hata akajisifu kwamba ni sala. Chef alichomeka fimbo ardhini kati ya matuta, akaichomoa, na maji yakaifuata. Tangi lilikuwa limepasuka chini ya msingi.

"Mwizi ni lengalenga," akasema chef.

Sijawahi kusikia watu wa Ituri wakicheka pamoja hivyo. Yule jirani yangu alicheka huku analia, akamshika mama wa kambi aliyekuwa karibu naye, aliyerushiana naye bidoni wiki iliyotangulia. Alasiri ile ile wanawake wa pande zote mbili walibeba mchanga wa kuzibia tangi, na hakuna aliyeuliza tena nani aende mtoni. Kiongozi wa kwaya alituuzia lengalenga kwa bei ya aibu.

Mama Prof peke yake ndiye aliyerudi nyumbani amenuna. Watu walikuwa wamepiga makofi wakikitazama kioo. "Banapigia ekra makofi," alilalamika mpaka chai ikapoa. "Ekra inajua nini? Njo karedio ilifanya kazi yote!"

Shule yake ilipofunguliwa upya upande wa Mambasa, aliondoka na sabuni yake na chaki zangu. Aliniambia nitunze kioo. Miaka ikapita, simu zake zikabadilika namba, nami nikampoteza.

Mwaka jana nilikuwa nakwenda Kisangani kutafuta vitambaa, gari likaharibika Niania. Nikaingia mahali pa kula, na kabla sijakaa nikasikia sauti ikimgombeza mpishi kwamba sukari ni kidogo. Mvi zilikuwa zimemjaa, miwani ilikuwa mipya. Tulishikana mpaka watu wakatupisha. Akaagiza lituma, ndizi za kupondwa, na samaki kwa ajili yetu wawili, akauliza habari za cherehani, za ukuta, za chef. Kisha akauliza nilichokuwa nakiogopa.

"Na ekra yetu?"

Nikamwambia samaki ni mtamu. Akauliza tena. Nikaweka tonge chini.

"Ilikufa, Prof."

"Ilikufa!" Watu wa meza zote waligeuka. "Na hamukunitafuta? Iliharibika nini? Waya? Plaque? Nani aliifungua?"

"Hakuna mutu aliifungua. Ni mvua. Iliingia maji."

Alivua miwani, akaisugua na kitenge. "Na mulolongo ya maji?" akauliza polepole. "Banapigana?"

"Hapana. Yule jirani yangu, unamukumbuka? Yeye njo anashika zamu na mama wa kambi. Mumoja akiwa mugonjwa, mwenziye anamubebea bidoni mpaka nyumbani."

"Na ekra kufa, balisema nini?"

Hapo nilishindwa kumdanganya. "Prof, hata siye tulijua hapana. Paroko njo alituambia. Ilikuwa imekufa tangu mvua ya kwanza, na siku alituambia, musimu yote ya mvua ilikuwa imeshaisha. Hakuna mutu alikuwa anaiangalia tena."

Nilingoja anipigie kelele. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kile cha kusikika hadi Lumumba, mpaka mpishi akatoka jikoni kuangalia. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mikono yote miwili, akanisogezea samaki wake pia. Chombo chake kilikuwa kimekufa ukutani bila mtu kujua, na katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona Mama Prof amefurahi hivyo.